Kuishi Uingereza kama Mwanafunzi: Mwongozo kwa Anayeondoka Nairobi

Mwanafunzi anayejiandaa kuondoka Nairobi kwenda kusoma Uingereza hupewa mawaidha tele kuhusu baridi, lakini ni wachache wanaomweleza habari za karatasi. Baridi ina dawa yake, nayo ni koti zito na viatu visivyopitisha maji. Jambo linalowasumbua wengi katika miezi ya mwanzo ni kwamba nchi ile huendeshwa kwa maandishi, kwa miadi na kwa tarehe za mwisho, na hakuna anayekufuata kukukumbusha lolote. Jijini Nairobi, jambo likikwama, tumezoea kumtafuta mtu anayemjua mtu, au kudamka tukawahi foleni ofisini na kuketi kwenye benchi mpaka tuhudumiwe. Kule, ukifika ofisini bila miadi, utaelekezwa kwa upole mwingi kwenye tovuti, kisha utarudi ulikotoka mikono mitupu. Kwa hiyo mwongozo huu unayafuata mambo kwa jinsi yanavyotegemeana, kwa kuwa shughuli moja ikichelewa hukwamisha nyingine kadhaa.

Kabla ya kuondoka

Kila kitu huanza na uthibitisho wa nafasi kutoka chuoni, ambao wanafunzi huuita CAS, wenye nambari utakayoijaza katika ombi la viza. Pamoja nao unahitaji cheti cha kupimwa kifua kikuu, kwa kuwa Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo wakazi wake hutakiwa kupimwa ikiwa watakaa Uingereza kwa zaidi ya miezi sita. Vipimo hivyo hufanywa Nairobi katika kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Cheti hudumu miezi sita, kwa hiyo usipime mapema mno, wala usingoje wiki ya mwisho.

Suala la fedha linahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Serikali ya Uingereza hutaka kuona karo ya mwaka wa kwanza ambayo bado hujailipa, pamoja na fedha za matumizi ya hadi miezi tisa. Kufikia mwisho wa mwaka 2025, kiwango cha matumizi kilikuwa pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na pauni 1,171 kwa anayesoma nje ya London. Fedha hizo lazima ziwe zimekaa katika akaunti yako au ya mzazi wako kwa siku 28 mfululizo, bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na zikiwa za mzazi, utaambatisha cheti chako cha kuzaliwa na barua yake ya idhini. Hapa ndipo harambee zetu hutuponza. Familia nyingi huandaa harambee wiki chache kabla ya safari, ukumbi ukishapatikana na jamaa wa mashambani wakishaweza kufika, kumbe fedha zinazoingia siku hiyo hazina maana kwa ofisa wa viza mpaka siku 28 zipite. Ikiwa masomo yanaanza Septemba, harambee ifanywe Mei au mwanzoni mwa Juni, na ahadi za watu zisihesabiwe kuwa fedha.

Kuna pia ada ya huduma za afya, ambayo ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, yaani zaidi ya shilingi 130,000 kwa kiwango cha takriban shilingi 170 kwa pauni. Ada hiyo hulipwa yote kwa pamoja wakati wa kuomba viza, na kwa kuwa viza ya kozi ya mwaka mmoja huzidi mwaka huo kwa miezi kadhaa, malipo nayo huzidi ya mwaka mmoja. Wengi hushtukia gharama hii wakiwa tayari wameshaifunga bajeti. Kuhusu mawakala wa vyuo ambao ofisi zao zimejaa katikati ya jiji, kumbuka kwamba wengi wao hulipwa kamisheni na vyuo vyenyewe. Wakala anayekutoza fedha nyingi ili akujazie fomu ana haki ya kuulizwa anakulipisha nini hasa. Na anayekuahidi kukulipia karo kwa bei nafuu kupitia kadi ya rafiki yake mwepuke kabisa, kwa sababu malipo ya kadi ya wizi hurudishwa na benki, nawe hubaki na deni na chuo.

Mizigo isikuumize kichwa. Soketi za umeme za Uingereza ni zilezile za pini tatu tunazotumia Kenya, kwa hiyo chaja na pasi zako zitaingia bila kifaa cha ziada. Koti la baridi linapatikana Gikomba au Toi kwa bei ambayo hutaiona katika duka lolote la London, na huenda koti lenyewe lilitoka hukohuko likiwa ndani ya robota la mitumba. Viatu, hata hivyo, ni heri ununue ukifika, kwa sababu mvua ya kule ni nyepesi na ya kudumu, nayo hukiumbua kiatu kisichofaa siku ya kwanza. Usibebe nyama wala chochote kilichotengenezwa kwa maziwa, kwa kuwa sheria hairuhusu kuviingiza kutoka Kenya. Nyama kavu ya shangazi na kibuyu cha mursik vitaishia katika pipa la forodha. Majani ya chai na viungo vya pilau havina tatizo. Chukua nakala halisi za vyeti vyako, kuanzia cha KCSE hadi cha chanjo, na uviweke katika mkoba wa mkononi.

Mambo mawili zaidi husahauliwa. La kwanza ni meno: yatibiwe Nairobi kabla ya kuondoka, kwa sababu kumpata daktari wa meno anayepokea wagonjwa wapya kwa bei ya serikali ni vigumu katika miji mingi ya Uingereza. La pili ni laini yako ya Safaricom, ambayo unapaswa kuifungulia huduma ya kutumika ng'ambo ukiwa bado nchini, ili nambari za siri zinazotumwa na benki yako ya Kenya zikufikie kule.

Wiki mbili za kwanza

Kenya Airways na British Airways huruka moja kwa moja kutoka Jomo Kenyatta hadi Heathrow, safari ya saa nane hadi tisa hivi. Uwanjani, mwenye pasipoti ya Kenya hapiti kwenye milango ya kujihudumia, bali hupanga foleni kwa ofisa, ambaye anaweza kukuuliza unasoma nini, wapi, na utakaa wapi. Jibu kwa ufupi na uwe na karatasi zako karibu.

Siku hizi kibali cha kuishi nchini humo hakitolewi tena kama kadi ya plastiki. Ni rekodi ya mtandaoni inayofunguliwa kwa akaunti yako mwenyewe. Mwenye nyumba au mwajiri akitaka kuhakikisha una ruhusa, utatoa nambari maalumu kutoka katika akaunti hiyo naye ataithibitisha. Hakikisha basi kwamba barua pepe na nambari ya simu ulizoziandikisha ni zile utakazoendelea kuzitumia, na ukibadilisha pasipoti, uiingize mpya humo mara moja.

Kisha fuata utaratibu huu. Anza kwa kujisajili chuoni, upate kitambulisho na, papo hapo, uombe barua inayothibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi na inayoonyesha anwani yako. Barua hiyo ndiyo ufunguo wa mengine: benki za kawaida huitaka ili kufungua akaunti, na ofisi ya serikali ya mtaa huitaka ili kukuondolea ushuru wa nyumba, ambao wanafunzi wanaosoma kwa muda wote hawalipi lakini wasipojitambulisha huletewa ankara kama watu wengine. Benki zinazotumia programu ya simu pekee hufungua akaunti haraka zaidi, na zinatosha kwa mwanzo. Laini ya simu ya kulipia kabla hupatikana kwa bei nafuu katika maduka ya kawaida; usikubali mkataba wa miezi 24 kwa sababu tu umevutiwa na simu mpya.

Anwani inastahili neno la ziada. Sisi tuliolelewa na masanduku ya posta, na kuwaelekeza wageni kwa kutaja kituo cha mafuta na mti mkubwa, hatujazoea nchi ambamo kila nyumba ina msimbo wake na barua huingizwa mlangoni. Kadi ya benki, barua ya hospitali na onyo la deni huja kwa njia hiyo, kwenye bahasha zinazofanana. Zifungue zote. Na ukihama, waarifu benki, chuo na daktari siku hiyohiyo, kwa kuwa barua iliyopelekwa kwenye anwani ya zamani huweza kuhesabiwa kuwa umeipokea.

Wakati huohuo, jisajili kwa daktari wa mtaa, yaani GP, ukiwa mzima. Huduma hiyo umekwisha kuilipia katika viza, na kujisajili hakuna malipo. Anayengoja mpaka augue hujaza fomu akiwa na homa.

Nyumba

Kwa mwaka wa kwanza, chukua chumba katika bweni la chuo hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu humo umeme, maji, joto na intaneti kwa kawaida vimo ndani ya kodi, nawe huna mwenye nyumba wa kugombana naye. Kodi kule hutajwa kwa wiki, jambo linaloweza kukudanganya ukizoea kulipa kwa mwezi: pauni 180 kwa wiki ni zaidi ya pauni 9,000 ikiwa mkataba ni wa wiki 51. Usimtumie mtu yeyote amana ya nyumba uliyoiona kwa picha tu, hata kama anajitambulisha kuwa Mkenya mwenzako.

Anayepanga nyumba ya mtu binafsi ana ulinzi wa sheria, lakini sheria humsaidia anayeijua. Tangu mwaka 2019, amana kwa nyumba za kawaida katika England, yaani sehemu ya Uingereza yenye London, hairuhusiwi kuzidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba lazima aiweke katika mojawapo ya mipango mitatu iliyoidhinishwa na serikali ndani ya siku 30. Mwulize kwa maandishi ni mpango upi. Siku unapopokea funguo, piga picha kila ukuta, kila doa la zulia na ndani ya oveni, kisha uzitume kwake kwa barua pepe ili ziwe na tarehe. Mwaka mmoja baadaye, picha hizo ndizo zitakazoamua kama amana yako inarudi nzima. Wengi watakutaka pia uwe na mdhamini anayeishi Uingereza. Ikiwa huna jamaa huko, ulizia kama chuo chako kina utaratibu wa kuwadhamini wanafunzi wa kigeni. Na mnapotia saini mkataba mmoja watu wanne au watano, elewa kwamba kwa kawaida mnawajibika kwa pamoja: mwenzenu akitoroka, kodi yake huwaangukia ninyi mliobaki. Katika miji mingi ya vyuo, msako wa nyumba za mwaka unaofuata huanza Novemba, wakati mgeni hajamaliza hata kuyajua majina ya wenzake, na ndiyo maana uamuzi huu hufanywa vibaya na wengi.

Nyumba nyingine zina mita ya umeme ya kulipia kabla, ambayo haitakushangaza wewe uliyezoea kununua tokeni za Kenya Power. Kitakachokushangaza ni ukungu mweusi ukutani. Nguo zikianikwa ndani ya chumba kilichofungwa, unyevu huganda kwenye kuta baridi na kuota kuvu, kwa hiyo fungua dirisha kidogo kila siku hata wakati wa baridi, na usiliegemeze kabati kwenye ukuta wa nje. Jambo dogo la mwisho: kutazama televisheni moja kwa moja, hata kwenye kompyuta, au kutumia huduma ya iPlayer ya BBC, kunahitaji leseni ya zaidi ya pauni 170 kwa mwaka. Asiyetazama halipi.

Jikoni

Wengi hawatarajii kwamba jiko ndipo watakapoijua nchi. Katika bweni, watu watano hadi wanane hushiriki jiko moja, kila mmoja akiwa na rafu yake ya friji na kabati lake. Andika jina kwenye vyombo vyako, osha sufuria siku hiyohiyo, na ujifunze mapema ni pipa lipi la karatasi na lipi la mabaki ya chakula, maana ugomvi mwingi wa bwenini huanzia hapo na huendeshwa kwa vijikaratasi vya adabu vilivyobandikwa kwenye friji.

King'ora cha moshi ndicho bwana wa jiko. Kiko darini, hakizimwi na mpishi, na hakijui tofauti kati ya moto wa kweli na chapati. Mafuta yakipata joto kiasi cha kuanza kufuka, huna hata dakika moja. Anayepika chapati awashe kwanza feni ya kuvuta moshi, afungue dirisha, afunge mlango wa ushorobani, apunguze moto chini ya kile alichozoea nyumbani, na apanguse unga uliobaki kwenye kikaango kabla ya kuweka chapati inayofuata, kwa kuwa unga unaoungua ndio unaofuka zaidi. Asipofanya hivyo, jengo zima hutoka nje usiku na mablanketi mabegani, na mhusika hutambulika upesi kwa mikono yake iliyojaa unga. Usikifunike king'ora hicho kwa mfuko wala soksi, kwani vyuo huhesabu jambo hilo kuwa kosa kubwa la kinidhamu.

Chakula chetu kinapatikana, ila si mahali pamoja. Unga mweupe wa mahindi huuzwa katika maduka ya Waafrika na ya Waasia, ambayo hayakosekani katika miji kama London, Birmingham, Manchester na Leicester. Ule wa manjano unaouzwa humohumo hutoa ugali unaoliwa, ingawa mashabiki wa sima ya kusagiwa kwenye posho mill watalalamika. Mahali pa sukuma wiki chukua majani ya kijani yasiyofunga yanayouzwa kwa jina la 'spring greens', uyakate membamba na kuyapika haraka, nayo yatakaribia sana yale ya mama mboga. Dengu, maharagwe, mchele na viungo nunua kwa mifuko mikubwa katika maduka ya Waasia, kwa kuwa vipakiti vya supamaketi ni ghali ukilinganisha kwa kilo.

Kuhusu supamaketi zenyewe, Aldi na Lidl zinajulikana kwa bei nafuu. Karibu zote hubandika vibandiko vya manjano jioni kwenye bidhaa ambazo tarehe yake inaisha siku hiyo, na mkate, nyama au kuku wa namna hiyo hufaa kabisa ukimpika au kumgandisha mara moja. Beba mfuko wako, maana wa plastiki hulipiwa. Jumapili, katika England na Wales, maduka makubwa huruhusiwa na sheria kuwa wazi kwa saa sita tu, mara nyingi kuanzia saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo anayetoka ibadani na kulala kidogo hukuta milango imefungwa.

Nje ya jiko, fedha nyingine hupotelea katika nauli. Basi la London halipokei fedha taslimu wala halina kondakta wa kubembelezwa. Unagusisha kadi ya benki au ya Oyster kwenye mashine, na ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hutozwi tena. Kwa treni, nunua kadi ya punguzo ya wenye miaka 16 hadi 25, ambayo hata mwanafunzi anayesoma kwa muda wote aliyevuka umri huo anaweza kuiomba. Hupunguza theluthi moja ya nauli katika safari nyingi, na safari mbili tatu ndefu zitairudisha gharama yake.

Darasani

Mpangilio wa alama hautakuwa mgeni kwa aliyepitia Chuo Kikuu cha Nairobi: kwa shahada ya kwanza, 70 na zaidi ni daraja la kwanza, na 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu. Katika uzamili, 50 ni kufaulu na 70 ni kiwango cha juu kabisa. Aliyetoka moja kwa moja shule ya upili, ambako alizoea 85, asikate tamaa akipata 64 katika insha ya kwanza.

Ugeni uko katika namna ya kusoma. Saa za darasani ni chache, pengine kumi hivi kwa wiki, na nyingine zote umeachiwa mwenyewe pamoja na orodha ndefu ya vitabu. Katika semina, kunyamaza kwa heshima huhesabiwa kuwa hukusoma. Jiandalie angalau swali moja kabla ya kuingia. Wahadhiri wengi hupenda kuitwa kwa jina la kwanza, jambo litakalokukwama kooni kwa wiki kadhaa, na hakuna ubaya kumwita 'Profesa' mpaka akukataze. Unapomwandikia, acha dibaji za kumtakia afya njema na familia yake. Taja kozi, eleza tatizo kwa sentensi mbili, uliza swali moja linalojibika, na ushukuru. Andika siku tatu kabla ya kuhitaji jibu.

Kuwasilisha kazi baada ya tarehe hukata alama bila mjadala, na programu ya chuo huandika hata dakika. Lakini ukiugua, au ukifiwa, kuna utaratibu rasmi wa kuomba muda, na huombwa kwa fomu yenye ushahidi, kwa kawaida kabla ya tarehe yenyewe. Wanafunzi wetu huona aibu kuutumia, hushindana na msiba kimyakimya, kisha huja kueleza matokeo yakiwa yameshatoka. Msiba wa nyumbani ni sababu kamili. Omba. Mahudhurio nayo ni suala la viza, kwa kuwa chuo ndicho mdhamini wako mbele ya serikali na hulazimika kutoa taarifa ukitoweka masomoni.

Kazi

Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, zikihesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na si wastani wa mwezi. Kuanzia Aprili 2026, kima cha chini cha mshahara ni pauni 12.71 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi, na pauni 10.85 kwa wa miaka 18 hadi 20. Piga hesabu: saa 20 hazifiki pauni 260 kwa wiki kabla ya makato, kiasi kinachoweza kusaidia chakula na sehemu ya kodi, lakini hakiwezi kulipa karo ya mwanafunzi wa kigeni. Anayeondoka Nairobi kwa matumaini kwamba atajilipia karo kwa kibarua anajiingiza katika shida inayoonekana tangu mwanzo. Wa uzamili wajue pia kwamba majira ya joto kwao si likizo, bali ni wakati wa tasnifu, na masharti ya saa 20 huendelea.

Kujiajiri hakuruhusiwi kabisa. Hii inajumuisha kusafirisha chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu, ambazo huwahesabu wasafirishaji kuwa watu waliojiajiri, na kukodi akaunti ya mtu mwingine ili kuifanya kazi hiyo ni kosa juu ya kosa. Inajumuisha pia ile kazi ya mtandaoni ambayo vijana wengi wa Nairobi wameitegemea kwa miaka, yaani kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo. Katika England, sheria ya mwaka 2022 ilifanya kutoa huduma hiyo kuwa jinai. Ifunge akaunti hiyo kabla hujapanda ndege.

Afya na giza

Katikati ya Desemba, jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri, na kaskazini mapema zaidi. Mtu aliyezoea jua la Nairobi, linalozama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, huanza kulala ovyo, kukosa hamu ya kula na kudhani ana uvivu. Toka nje mchana hata kwa nusu saa. Huduma ya afya ya taifa, NHS, inawashauri wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku mwaka mzima, na vidonge vyake ni vya bei ndogo. Hali ikizidi, kila chuo kina washauri nasaha, na kwenda kwao hakuandikwi popote panapoweza kuathiri viza wala alama zako.

Kwa ugonjwa mdogo, anza na mfamasia. Usipojua la kufanya, piga 111. Hatari ya maisha ni 999. Katika England, dawa ulizoandikiwa hulipiwa pauni 9.90 kwa kila aina, hata kama katika duka aina hiyo ingegharimu kidogo, kwa hiyo mwulize mfamasia kwanza kama inauzwa bila cheti cha daktari.

Mawasiliano na nyumbani

Tofauti ya saa ni tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, kwa kuwa Waingereza hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya Machi. Simu ya mama inayopigwa saa tatu usiku wa Nairobi hukukuta saa kumi na mbili jioni mwezi Januari, na saa moja mwezi Juni. Pangeni siku maalumu, la sivyo mtapigiana wakati mmoja akiwa darasani.

Maombi ya fedha yatakuja, kwa sababu kwa jamaa wengi pauni ni pauni. Waeleze mapema, kwa takwimu, kodi unayolipa na saa unazoruhusiwa kufanya kazi. Takwimu hueleweka kuliko malalamiko. Ukiweza kutuma kidogo, kuna programu zinazopeleka fedha moja kwa moja kwenye M-PESA. Usimruhusu mtu yeyote, hata wa kanisani kwenu, apitishe fedha zake katika akaunti yako ya benki. Benki huifunga, na kesi ya utakatishaji fedha humwangukia mwenye akaunti. Vilevile, anayekupigia simu akidai ni wa idara ya uhamiaji na kutaka faini ilipwe papo hapo ni tapeli. Kata simu na uwaarifu watu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni.

Krismasi ya kwanza ipangiwe mapema. Wenyeji huenda kwao, bweni huwa tupu, na tarehe 25 Desemba hakuna basi wala treni inayotembea London, huku maduka yote makubwa yakiwa yamefungwa kwa mujibu wa sheria. Kama tiketi ya kurudi Nairobi haipo katika bajeti, tafuta Wakenya wenzako tangu Novemba, mkubaliane nyumba itakayopikiwa, nani ataleta mbuzi kutoka kwa mchinjaji na nani atalala pale usiku wa tarehe 24, kwa kuwa asiyefika siku hiyo atalazimika kutembea kwa miguu.